Ukuta wa Madirisha

Mpendwa Mama Mdogo Liri,

Naomba msaada wako kupitia safu yako gazetini, na kabla ya msaada naomba unisamehe lugha, maana hii ya nyumbani, ya kwetu Albania, nimeipata kwa bibi na kwenye shule ya Jumamosi pale juu ya ukumbi wa harusi, na ile nyingine nimeipata kwenye shule kubwa ninayosoma kwa ufadhili, na nimeamua kukuandikia kwa hii kwa sababu darasani kwetu hakuna hata mmoja anayeweza kuisoma, na hilo peke yake linanifanya nipumue. Nina miaka kumi na sita. Mimi si msemaji. Mwalimu akiuliza swali natazama kamba za viatu vyangu mpaka mwingine ajibu.

Shule yetu ni nzuri, sitaki uifikirie vibaya, wengi ni watoto wa mawakili na madaktari na hakuna aliyewahi kunicheka kwa kuwa baba yangu ndiye mtunza jengo tunaloishi, anayezibua mabomba na kutoa takataka, tena wananisifu kwa hilo mpaka naona haya. Kila Alhamisi darasa zima tunakaa kwenye duara na mwalimu wetu Corinne, tunamwita hivyo hivyo kwa jina, na mtu akisema jambo zuri hatupigi makofi, tunaalisha vidole, na mimi kwa kukaa kimya nimeshajua ni maneno gani yanaalishiwa vidole na yapi yanaacha chumba kimya. Kila wiki pia tunaandika ukurasa wa kujitafakari, umemkosea nani, umejifunza nini, na wiki moja sikuwa na kosa la kuandika, basi nikatunga, nikasema niliwahi kumcheka jirani yetu mzee kwa lafudhi yake. Mama Mdogo, jirani huyo hayupo. Mwenye lafudhi kwetu ni baba. Corinne akaandika pembeni kwa wino wa kijani, "Huu ni ujasiri," na mtu pekee niliyemwambia ukweli ni Maren, tukiwa chooni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vigae, halafu akajifuta macho, akasema, "Lakini unaona kwamba si sawa, eti?" Nikasema naona.

Maren ndiye rafiki yangu. Sisemi rafiki yangu mkubwa kwa sababu wadogo sina.

Mwezi uliopita tulifanya zoezi la kuta. Corinne anasoma sentensi, anayekubali anakwenda kusimama ukuta wa madirisha, asiyekubali anakwenda ukuta wa mlango. Akasoma: "Najisikia huru kusema ninachofikiri katika shule hii." Viti vikasogea, tukaenda madirishani, na mimi nilikwenda, miguu ilikwenda kabla sijaiambia, na nilipogeuka nikamwona Maren yuko mlangoni peke yake, amekumbatia sweta lake.

Corinne akamuuliza kwa upole, "Ungependa kutuambia kwa nini?"

"Kwa sababu watu wananiambia chooni mambo ambayo hawawezi kuyasema humu," Maren akasema. "Na wote sasa hivi wako dirishani."

Mvulana mmoja, Quincy, akasema, "Wataje basi."

"Sitaji mtu."

"Rahisi hivyo. Unatuita waongo halafu humtaji mtu."

Maren alikuwa anatazama zulia. Hakuniangalia hata mara moja, na ninajua hakuniangalia makusudi, ili wenzangu wasifuate macho yake wakanifikia.

Tangu siku hiyo wanasema Maren ametuhukumu wote na ameharibu usalama wa duara, na Colette, ambaye si mtu mbaya, aliwahi kunipa koti lake siku ya safari nikarudi nalo mpaka nyumbani, ameandika barua ya darasa inayomtaka Maren akiri maumivu aliyosababisha na ajiweke kando na gazeti la shule mpaka atakaporudisha uaminifu, na Maren ndiye mhariri, hakuna kingine anachokipenda pale. Wote watasaini Alhamisi ya wiki ijayo, na barua itasomwa mbele yake. Colette akanifuata kwenye makabati.

"Tungependa usome wewe."

"Mimi? Mimi siwezi hata kusoma majina ya mahudhurio."

"Ndiyo maana. Nyie kwenu mlinyamazishwa, unajua uchungu wake. Ukisoma wewe, itamgusa."

Nikasema nitafikiria. Akanikumbatia, akaenda kuwaambia wengine nimekubali. Na Corinne alipopita akaniambia anajivunia mimi kwa kutafuta sauti yangu, na Corinne ndiye atakayeniandikia barua ya kunipendekeza chuo kikuu.

Nyumbani nilikosea, nilisimulia mezani. Baba akaweka uma chini. Akasema hii ndiyo yenyewe kabisa, hizi ndizo karatasi zilizokuwa zinabandikwa ukutani kiwandani kule kwetu, jina la mtu kwa herufi kubwa na makosa yake chini, na kwamba ameishi kuyaona mambo hayo hata hapa Bronx, na kwamba Alhamisi atakuja mwenyewe kuwaambia. Sasa anaandika hotuba nyuma ya risiti za duka la vifaa. Bibi hakuacha hata kukata byrek, ile sambusa kubwa ya jibini ya kwetu.

"Petrit, wewe ulikuwa na miaka kumi utawala ulipoanguka," akamwambia. "Ulikuwa unalia kwa sababu huna mpira. Unajua nini?"

"Najua ulichonisimulia wewe, mama."

"Basi umesikiliza nusu. Kule jina lako likibandikwa, familia nzima inapandishwa lori kupelekwa mashambani. Hawa wakimaliza kubandika wanakwenda kula pizza."

"Kwa hiyo ni sawa?"

"Nimesema ni sawa? Nimesema si lori."

Baadaye nilimuuliza bibi kama yeye aliwahi kusaini karatasi ya namna hiyo. Akaondoka mezani, akaosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa.

Sasa Maren anakula chumba cha sanaa na mimi nakula maktaba nyuma ya rafu ya ramani, tunapishana ngazini, ananisalimia kwa kidevu na mimi natazama simu yangu ambayo imezimwa. Jumapili nakaa dirishani nahesabu madirisha ya jengo la ng'ambo yenye taa za sikukuu zilizosahaulika. Sina wa kumwambia, ndiyo maana nakuambia wewe. Ninachoomba unijibu ni hiki, kama huu ni udikteta kama anavyosema baba, basi naelewa kwa nini naogopa, lakini kama si udikteta kama anavyosema bibi, na hakuna lori, kwa nini naogopa hivi, na Alhamisi nifanye nini?

Ni mimi,
Wa Dirishani, Pelham Parkway


Binti yangu wa Pelham Parkway,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja, nayo haimo. Umenieleza vigae, umenieleza wino wa kijani, umenieleza hata taa za majirani. Hujaniambia popote kwamba umempigia simu Maren. Mwezi mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe ulilizunguka kuanzia mwanzo wa barua hadi mwisho.

Pole. Nasema pole kwa dhati, maana kula peke yako ukiwa na miaka kumi na sita si jambo dogo, na anayekuambia ni dogo amesahau. Sasa nisikilize.

Mimi niliishi chini ya utawala ule mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto. Bibi yako amesema kweli na sina la kuongeza. Baba yako naye pua yake haijamdanganya: watoto kuandikishwa makosa kila wiki mpaka wanayatunga, chumba kizima kukimbilia ukuta mmoja, barua ya kumsomea mtu usoni mbele ya wenzake, hayo mtu wa kwetu lazima yamshtue. Huyo Corinne ni mwema, naamini, na anapaswa kujiuliza kwa nini watoto wake wote wana maoni yanayofanana. Nitamwambia nikikutana naye. Lakini hakuandika yeye, umeandika wewe.

Na wewe, mwanangu, hilo neno udikteta linakufaa kupita kiasi. Chini ya udikteta anayenyamaza ana sababu, ana watoto, ana wazee, ana lori mlangoni. Ukiipa shule yako jina hilo unaazima sababu ya watu wengine. Yako ni nyingine. Unaogopa kubaki peke yako. Ni hofu ya kweli, siicheki, na haihitaji dikteta hata mmoja ili iwepo. Ila jiangalie: uko nyuma ya rafu ya ramani na sandwichi yako. Unachokiogopa kimeshakupata, na kimekupata ukiwa umetii.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, mpigie Maren. Usimwandikie ujumbe, mpigie, asikie sauti yako. Mwambie ulikwenda dirishani ukijua si kweli. Mwambie ulijua kwa nini hakukutazama. Usimweleze habari za Albania, hazimhusu. Anaweza kukata simu. Ana haki. Kesho yake mpigie tena mara moja, halafu mwache aamue.

Jumatatu nenda kwa Colette kabla ya duara, mkiwa wawili, umwambie hutasoma na hutasaini. Atakuuliza kwa nini. Sema, "Kwa sababu alichosema Maren ni kweli, na mimi ni mmoja wao." Basi. Usiongeze. Watu wenye haya kama wewe mkishaanza kujieleza mnaishia kuomba msamaha kwa jambo jema. Na kwa Corinne sema hayo hayo, kwa maneno hayo hayo. Huenda barua yake ya chuo ikapoa kidogo. Vyuo ni vingi kuliko unavyodhani, na mwalimu mwingine anaweza kuandika. Yule wa hisabati, yule wa muziki, mtu anayejua kazi yako.

Baba yako abaki nyumbani. Mwambie mimi nimesema. Hotuba yake akaihifadhi, ina mambo ya kweli ndani yake, lakini akisimama pale na risiti zake watazungumza juu yake na wewe utajificha nyuma ya mgongo wake, na Maren atabaki mlangoni vile vile. Bibi yako mwache na sufuria. Usimuulize tena. Akiwa tayari atakuita mwenyewe, na siku hiyo kaa chini usikilize mpaka amalize, usimhukumu.

Na ukurasa wako wa kila wiki, kuanzia sasa andika la kweli au andika kwamba wiki hii huna. Kuichukua lafudhi ya baba yako ukamvika jirani wa kutunga ili achekwe, hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

Sikuambii usimame Alhamisi uhutubie. Hukuumbiwa hotuba, na hakuna aliyekuomba. Karatasi itakapopita mkononi mwako, mpe aliye jirani bila kuandika kitu. Watakutazama. Utasikia baridi. Kiwandani nilikofanya kazi niliwaona watu wachache sana waliokataa kuinua mkono dhidi ya mwenzao, na sikumwona hata mmoja aliyekuwa mtulivu. Mmoja, mwanamke wa idara ya nyuzi, alikuwa ametoka kutapika kwanza. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi kula kidogo tu, na uvae sweta.

Mama Mdogo Liri