Pamba, Mbwa Niliyemkataa

Jumamosi, 8 Aprili 2000

Nimemchana tena. Nywele zake hazipukutiki kama za mbwa wengine. Zinaota tu, zinajisokota, zinashika matope, majani, makombo ya fufu. Ukiziacha kidogo zinakuwa kamba. Chanuo ni langu. Limeshang'oka meno.

Sikumtaka. Naandika hapa kwa sababu humu ndani hakuna anayetaka kusikia. Yule Mzungu mzee wa kahawa, ambaye mume wangu Kambale alikuwa anamtengenezea jenereta, amekimbia vita. Kabla ya kupanda ndege kwenye uwanja wa Simi-Simi aliita watu waje kuchagua watoto wa mbwa. Mama yao kanishi, mbwa wa kizungu wa nywele za kujikunja. Baba yao mbwa wa barabarani. Mimi nilionyesha yule mweusi, kifua kipana, aliyetubwekea tangu mlangoni. Kabondo, mtaa wetu, imejaa wezi, na wengine wana bunduki. Mtoto wetu Masika akamwokota mweupe, mdogo kuliko wote, aliyekuwa amelalia kiatu cha Mzungu. Kambale akasema mtoto achague. Basi, mtoto amechagua.

Amemwita Pamba, kwa weupe wake. Kwa Lingala pamba ni bure, kitu cha hovyo. Angalau jina limepatana na mwenyewe.

Jumatano, 12 Aprili

Masikio yananuka. Nywele zimeota mpaka ndani, zinafunga maji. Nimezing'oa kwa vidole, nikapangusa kwa kitambaa na maji ya chumvi. Macho yanatoa machozi ya rangi ya kutu. Nayo yanapanguswa. Halafu funza katikati ya vidole, kwa sindano. Masika anamshika kichwa na kumwimbia. Kazi ni yangu.

Sokoni wameshaanza kuniita Mama Imbwa. Aliyepeleka habari ni Mama Rejina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kinywa cha yule mwanamke hakina mlango.

Jumapili, 16 Aprili

Sikukuu ya Matawi. Tumerudi kutoka misa nikamkuta amelala kwenye mkeka wa Paluku.

Ule mkeka hakuna anayeulalia. Hata Masika anajua. Nimempiga mbwa kwa tawi lile lile lililobarikiwa. Amelia kama mtu. Masika amelia. Kambale akapaza sauti: "Kuko nini, we? Iko nyama tu, haijue!"

Hapo nikasema nilichokuwa nimekimeza tangu siku ile kwa Mzungu. Kwamba mwanangu Paluku alikufa kwa homa mwaka jana kwa sababu barabara zilifungwa na dawa hazikufika, na yeye sasa ananiletea mbwa ili nafasi ijae. "Mutoto habadirishwe na imbwa, Kambale."

Alienda kukaa nje. Simwonei huruma.

Ijumaa, 28 Aprili

Hakuna jipya. Amekula kichwa cha samaki wa makayabu chenye chumvi yote, akanywa maji, akatapika mlangoni kwangu. Mlango wa Kambale hauoni.

Alhamisi, 18 Mei

Leo gari la jeshi, jipu, limesimama mbele ya parseli yetu, kiwanja chetu. Akashuka mwanamke wa komanda. Si mwenyeji, komanda ni wa moja ya yale majeshi mawili ya kigeni yanayogombea mji wetu kana kwamba sisi hatumo. Miwani nyeusi, viatu virefu kwenye matope. Alikuja moja kwa moja. Hakuuliza kwa nani. Alikuwa ameelekezwa.

Akamshika Pamba, akampuliza nywele, akacheka. "Muzuri sana. Siku ya Yenga nakuja kumukamata. Mumuoshe vizuri." Yenga ni Jumapili.

Nyuma ya ukuta Mama Rejina alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Mchi ulikuwa umenyamaza muda wote. Jipu lilipoondoka, ukaanza tena. Ni yeye. Anawauzia ndizi kambini kwao, anatafuta kupendwa.

Kambale anasema tumtoe, tusitafute kifo kwa ajili ya mbwa. Yeye aliyemleta! Masika hajala.

Nilipaswa kufurahi. Nilitaka aondoke, sasa anaondoka. Lakini nimejaa hasira. Wamefunga mto, wamefunga barabara, wamechukua baiskeli ya Kambale. Wanachukua kwa kidole tu: kile. Sasa wanaingia nyumbani kuchukua kitu cha mtoto wangu, na tukioshe kwanza.

Hapana.

Jumamosi, 20 Mei

Nimemnyoa. Mkasi wa kushonea kwanza, halafu wembe. Kichwa, masikio, mkia, kila kitu. Kumbe chini ya yale mawingu kuna panya. Mbavu, ngozi ya waridi yenye madoa. Nikampaka mafuta machafu ya injini mgongoni, kama wanavyopaka mbwa wenye upele. Ananuka kama gereji. Masika alipomwona alipiga kelele, nikamweleza, akafunga mdomo kwa mikono miwili.

Kambale alisimama mlangoni. "Watatuua."

Nikamwambia akae ndani kama anaogopa.

Jumapili, 21 Mei

Walikuja baada ya misa. Yule mwanamke na askari mmoja. Nilimleta mbwa mwenyewe mikononi, nikamsogeza karibu na gauni lake.

"Iko na ugonjwa ya ngozi, mama. Inaambukiza. Hata mutoto wangu anajikuna."

Alirudi nyuma haraka, karibu aanguke. Alinitazama. Nadhani alijua. Akapanda jipu. Askari ndiye aliyebaki nyuma kidogo. Akampiga Kambale sikioni kwa kitako cha bunduki. Si mimi. Kambale, ambaye hakusema neno.

Sikio limevimba. Nimelikanda kwa maji ya moto. Hakunilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kando yetu mbwa anatetemeka kwa kukosa nywele. Nimemvalisha mkono wa sweta kuukuu na kuutoboa matundu ya miguu. Anachekesha. Sikucheka.

Mama Rejina simsalimii tena. Akinipungia mkono, natema mate chini.

Jumatatu, 5 Juni

Mabomu. Si kama yale ya mwezi uliopita, ambayo hata sikuyaandika. Haya hayakatiki. Wale walio ng'ambo ya mto Tshopo wanapiga mjini, wale wa mjini wanajibu, na yanapita juu yetu, au hayapiti. Kabondo yote imelala chini.

Nyumba yetu ina chumba kimoja chenye dali juu, dari nzito ya saruji. Majirani wanajua. Aliyegonga kwanza alikuwa Mama Rejina, na mjukuu mchanga mgongoni. Mumewe, Papa Rejina, amekataa kuja, amebaki kulinda mali yao. Nilisimama mlangoni na sikusogea. Nilitaka aniombe.

Kambale akanivuta pembeni, akawaingiza.

Jumatano, 7 Juni

Hatuna umeme, hatuna maji. Tunanuka. Naandika nimeegemea ukuta, mbwa kati ya magoti. Kila bomu linapopiga analia kwa sauti nyembamba inayopanda. Namfunga mdomo kwa kiganja.

Leo mchana wanajeshi walipita kwenye avenyu yetu kwa miguu. Tulisikia buti na lugha yao. Mbwa akaanza. Mama Rejina akaninong'oneza: "Utoe ile imbwa inje. Itatuuzisha. Imbwa ao sisi!"

Wakati huo huo mjukuu wake akaanza kulia, kwa nguvu kuliko mbwa.

Nikamwambia: "Bon. Nani anatoka wa kwanza?"

Akampachika mtoto ziwa lake kavu. Mimi nikambana mbwa mpaka nikahisi moyo wake kwenye tumbo langu. Buti zilisimama. Halafu zikaenda. Hakuna aliyenitazama usoni baadaye, hata Kambale. Sijutii. Ni kweli nilisema neno baya. Yeye ndiye aliyeanza.

Ijumaa, 9 Juni

Kambale alitoka kutafuta maji kisimani. Nilimkataza. Masika aliomba rozari, mafungu yakachanganyika. Amerudi na nusu ya bidoni, lile dumu letu, shati limeraruka. Ameona watu wamelala njiani, ndiyo yote aliyosema.

Kila mtu kikombe. Mimi nikanywa nusu, nusu nikampa mbwa kwenye kiganja. Mama Rejina aliona. "Mungu anakuona," akasema. Nikasema ni maji yangu. Akasema kweli mtoto wangu alipokufa akili yangu ilienda naye.

Nilimrukia. Kambale na Masika ndio walionitoa juu yake. Nina ukucha wake shavuni.

Baadaye kishindo kimoja, karibu kabisa. Dali ilimwaga vumbi juu yetu. Upande wa nyumba ya Mama Rejina.

Tulijua wote. Yeye pia. Aliita jina la mumewe kupitia ukutani, tena na tena, mpaka sauti ikakatika. Hatukuweza kufungua mlango. Nilikaa nikiwa bado na damu shavuni na sikujua niweke wapi ile chuki.

Jumapili, 11 Juni

Kimya. Pentekoste, bila kengele. Tumetoka. Mwanga unaumiza macho.

Bati za jikoni kwetu hazipo. Nyumba ya Mama Rejina imebaki kuta mbili. Papa Rejina alikuwa kizingitini, kitasa cha mlango bado mkononi. Kambale na wanaume wengine wamemzika palepale kwenye parseli, kwa maana hakuna njia ya kufika makaburini. Nilitoa kitenge changu kipya cha kumfunika. Sikufanya hivyo kwa kumpenda mtu. Hakukuwa na kingine.

Alhamisi, 22 Juni

Mama Rejina amebaki kwetu na mjukuu. Mwanawe wa kike, mama wa mtoto huyo, yuko Bunia na njia imefungwa. Mama Rejina analala kwenye mkeka wa Paluku. Kambale ndiye aliyemtandikia, akanitazama. Nikageuka kwenda kupuliza moto.

Hatuongei. Nampa sahani, anapokea. Sikuomba msamaha, wala yeye. Kutwa nzima anakaa juu ya tofali, ameelekea kaburi.

Mbwa anaota nywele. Si nyeupe tena. Ni za kijivu hafifu, kama majivu ya kuni mbichi. Laini. Amejifunza kwenda kulala miguuni kwa Mama Rejina. Leo mama huyo amempiga teke. Nilisimama kwenda kugombana naye, halafu nikakaa tena. Mbwa mwenyewe alijikung'uta, akazunguka, akarudi kulala, mbali kidogo.

Jumanne, 4 Julai

Mvua imenyesha alfajiri, ikaacha. Kambale amepata bati tatu kuukuu, anazipigilia jikoni. Masika amerudi shuleni. Darasa liko chini ya turubai. Nimepika maharagwe. Soko limefunguka kidogo, chumvi ipo.

Mchana nilipotoka kumwaga maji nilimwona Mama Rejina kwenye tofali lake. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni. Bibi yake alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi. Akakikata, akapulizia, akashusha mkono bila kuangalia chini. Pamba akala taratibu, akalaza kidevu juu ya mguu wake. Yeye akaanza kumfumua fundo nyuma ya sikio, kwa vidole, uzi mmoja mmoja.

Masika alikuwa amerudi, amesimama kando yangu na chanuo, tayari kumwita mbwa wake.

"Muache," nikamwambia.

Tukaingia ndani kuchambua mchele.