Milango miwili ya nyumba ya Baba

Jumapili usiku, Kilosa. Mvua ya jana imeacha matope hadi mlangoni, leo jua limewaka mchana kutwa na sasa mabati yanalia yakipoa. Nina vumbi la chokaa kichwani, kucha zimevunjika, mgongo unawaka moto. Na nina furaha kupita kiasi.

Shajara yangu, ukuta umeanguka!

Ngoja nieleze vizuri, maana kuna wanaoingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli na alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Mama Mkubwa. Wa pili ni mama aliyenizaa. Baba alijenga nyumba moja ndefu hapa Kilosa, akaikata katikati kwa ukuta, toka msingi hadi kwenye bati, bila hata tundu la kupitisha mkono. Kila upande una sebule ndogo, vyumba viwili na jiko lake uani. Milango miwili ya mbele inafanana mpaka komeo. Hata baraza aliligawa: kipande cha huku, kipande cha kule, na katikati mfereji wa maji ya mvua ambao ni lazima uuruke.

Baba hakuwa na utani kwenye usawa. Akinunua doti ya khanga, ananunua mbili, rangi moja, maneno yale yale. Alilala siku mbili huku na mbili kule, na redio yake ilimfuata. Jua likizama alitoka nayo mlango mmoja, akaruka mfereji, akabisha hodi mlango wa pili. Majirani walijua yuko kwa nani kwa kusikiliza taarifa ya habari inatokea upande gani. Mimi nilikua nikidhani akina baba wote wako hivyo. Nilipoolewa ndipo nikagundua kwamba baba za wenzangu wana chumba chao. Baba hakuwa na chumba. Alikuwa na msumari wa kutundikia koti, mmoja kila upande.

Walipoanza kubinafsisha mashirika alipunguzwa kazi, na kiinua mgongo chake kikaishia kwenye mabati haya, ya pande zote mbili kwa siku moja. Baadaye akafariki. Wajane wake wakabaki, kila mmoja upande wake.

Na redio ikaendelea kuhama.

Hilo nililijua kwa kusikia tu. Mimi nina hoteli ya chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, na tangu biashara zilipofunguliwa malori hayalali, kwa hiyo na mimi silali. Nikija Kilosa nakuja mchana na kuondoka mchana. Niliambiwa kwamba redio inakaa siku mbili kwa Mama Mkubwa na siku mbili kwa mama, nikacheka, nikasema hawa wake wenza bado wanachungana hadi leo.

Mwaka huu mume wangu amehamishiwa kufundisha hapa Kilosa. Mama Mkubwa macho yamefifia, mama magoti yamegoma. Nikasema basi, tunahamia kwa Baba, sisi na watoto wetu, ukuta unatoka, inakuwa nyumba moja, jiko moja, familia moja.

Ramani nimeichora mwenyewe. Hapa naomba niringe kidogo, blogu ni yangu. Sebule mbili nimezifanya moja, kubwa, ya kukaa watu hata siku ya shughuli. Jiko la Mama Mkubwa linakuwa bafu, jiko la mama linakuwa stoo, na jiko jipya liko katikati kabisa, pale ukuta ulipokutana na uani. Nimepima kwa kamba. Toka kitanda cha Mama Mkubwa hadi jikoni na toka kitanda cha mama hadi jikoni ni sawasawa. Fundi Kibwana aliivuta ile kamba mara mbili akacheka, akasema, "Wewe ni binti wa yule mzee kweli." Sijawahi kusifiwa vizuri namna hiyo.

Kilichonisumbua ni mlango. Nyumba ya familia moja haina milango miwili ya mbele. Nikiziba wa Mama Mkubwa, mji mzima utasema nimempendelea mama yangu. Nikiziba wa mama, nimemdhalilisha aliyenizaa. Nililala nalo, nikaamka nalo, mwisho nikapata: naziba yote miwili, nafungua mmoja mpya katikati, mpana, wa mninga, wa mbawa mbili. Hakuna aliyepata, hakuna aliyekosa. Nikajiona ndiye Baba kabisa.

Nikawaambia kila mmoja peke yake, nikisubiri kushukuriwa.

Mama Mkubwa alisema ukuta nivunje tu, umechoka. Lakini siku nitakayoweka tofali kwenye mlango wake, yeye anakwenda zake Tindiga kwa mdogo wake. Hakupandisha sauti. Siku ya pili nikaona furushi la nguo limefungwa tayari, limewekwa juu ya sanduku.

Mama alisema hivyo hivyo, ila yeye anakwenda Kidete.

Nikauliza kwa nini. Kila mmoja akaendelea na kazi yake. Nikaona ni uke wenza, kila mmoja anataka aonekane ana kwake. Nikadhani kinachowagombanisha zaidi ni redio, basi kwa ujanja wangu nikanunua redio mbili mpya, za aina moja, rangi moja, nikawapelekea kila mmoja yake.

Zikarudi zote mbili. "Kaiweke hotelini kwako, mwanangu," alisema Mama Mkubwa. "Sisi redio tunayo." Mama naye akasema maneno yale yale, kana kwamba wamekaa kikao.

Hilo neno "sisi" lilipita sikioni kwangu na sikulikamata. Redio zote mbili sasa zinawaimbia madereva Mikumi.

Kwa hiyo jana Fundi Kibwana na wenzake waliweka boriti nene ya kubeba mbao za paa, wakavunja ukuta, na matofali mazima wakayapanga nje, tayari kuziba milango kesho Jumatatu. Nilikuwa nimeamua kuwa wazee wanatisha tu. Nani aondoke kwake uzeeni kwa ajili ya mlango? Ila kila nikiliona lile furushi, naligeuzia mgongo.

Leo jioni tulikaa sebule mpya kwa mara ya kwanza. Alama ya ukuta bado iko sakafuni. Mama Mkubwa katandika mkeka wake upande wake, redio ubavuni. Mama katandika wake upande wake. Katikati hakuna kitu, hewa tu, wanaonana mpaka vidole vya miguu. Mimi nimekaa kwenye ndoo ya rangi, natazama dari na upana, najisifu kimoyomoyo.

Taarifa ya habari ilipokaribia, Mama Mkubwa akainuka. Akajitanda khanga, akavaa ndala, akapakata redio, akatoka kwa mlango wake.

 Nikajua ndiyo safari ya Tindiga imeanza, na redio ya Baba anaondoka nayo. Nikasimama nimfuate. Mama akanishika gauni.

"Kaa," akasema. "Leo ni kwangu."

Nikasikia ndala barazani. Zikasimama kwenye mfereji, halafu zikaruka. Halafu mlango wa mama ukabishwa. Ule wa pili. Mama Mkubwa, ambaye sekunde chache nyuma alikuwa kakaa mbele yetu, alikuwa nje anabisha hodi.

Mama akajiweka sawa, akavuta khanga yake magotini, akasogea kuacha nafasi kwenye mkeka.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama. Habari za huko kwako?"

"Huko wazima wote, hatujambo. Nimeona nikuletee redio."

Na walikuwa wameshinda pamoja tangu asubuhi, wakichambua mchele kwenye ungo mmoja!

Nilitaka kucheka, ikaja kuwa kilio. Mama Mkubwa akakaa. Mama akammiminia chai, ambayo kumbe ilikuwa tayari kwenye chupa, na vikombe viwili. Wakasikiliza habari. Yakaja matangazo ya vifo, na kila jina wakaulizana ni yule wa Kidete au ni mwingine, huyu si alioa kwa akina fulani. Walipomaliza, Mama Mkubwa akaaga, akatoka kwa mlango ule ule, akazunguka barazani, akaingia kwake, akaketi tena mbele yetu.

Miaka yote hii hakuna mtu aliyewalazimisha. Baba hayupo, zamu haipo, na bado kila siku ya pili mmoja anajitanda, anakwenda kumtembelea mwenzake kama mgeni. Nilidhani wanagombea redio. Redio mbili nilizonunua zingewaondolea sababu ya kubisha hodi, na mlango wangu wa mninga ungewaondolea pa kubisha. Ningewapokonya kutembeleana huko huku nikisubiri asante.

Sioni aibu sana, sijui kwa nini. Leo najivunia. Nimeringia kamba yangu na ramani yangu wiki nzima, sasa nawaringia hawa wawili. Sijui kama kuna nyumba nyingine hapa Kilosa yenye wake wenza wanaopokeana namna hii. Mimi nimelelewa na wote wawili.

Kabla ya kulala nimechungulia chumbani kwa Mama Mkubwa. Furushi bado liko juu ya sanduku. Nikamwambia milango haizibwi. Akasema, "Haya," basi, akageukia ukutani.

Fundi Kibwana akija kesho namwambia ramani imebadilika. Mlango wa mninga utakaa uani, jikoni. Yale matofali yana kazi nyingine, maana keshokutwa jioni redio inarudi kwa Mama Mkubwa, na wa kuipeleka ni mama, na magoti yake ndiyo hayo. Tunaanza na baraza. Mfereji tunaufunika, tunasawazisha toka mlango hadi mlango, na saruji iwe imeshakauka mama atakapopita.