Leseni ya Justa

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Mahafali Jumamosi. Shule nzima imepagawa. Walimu wazima wanagombania rangi ya vitambaa vya jukwaani, kana kwamba kuna mtoto atafaulu Hisabati kwa sababu ya zambarau. Kidato cha Nne wamebakiza wiki sita kuingia kwenye mtihani wa taifa, na kitu pekee walichokariri ni nani atamlisha nani keki.

Nimeyasema kikaoni. Mwalimu Kasimiri, makamu mkuu wetu, akasema, waache watoto wafurahi, Madam. Nikamjibu kwamba furaha isiyo na akili ni kelele. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Huwa anaandika kila ninapofungua mdomo. Sijui ananinukuu au ananitengenezea mashtaka.

Lakini darasa ni langu. Mlezi wao ni mimi, miaka minne sasa. Leo wameniletea Wosia niukague. Kila wanaomaliza huandika wosia wa utani, kuwaachia wanaobaki urithi. Nimecheka peke yangu ofisini kama chizi!

"Sisi Kidato cha Nne, tukiwa na akili timamu, tofauti na mwalimu wa zamu, tunawaachia Kidato cha Tatu kunguni wote wa bweni la wavulana. Wamelishwa vizuri, wasikonde." Maharage yenye mawe wameyaachia idara ya Jiografia, somo la miamba. Ndoo za kunawia za wakati wa corona, zile walizokuwa wanapigia ngoma, wamewaachia kwaya. Mwalimu Kasimiri, mwenye kichwa kama balbu, ameachiwa kitana. "Na Madam tunamwachia ulimi wake, maana hakuna mwingine mwenye nguvu za kuubeba."

Nimeuacha huo. Nimefuta mawili ya matusi na kurekebisha viambishi.

Igizo lao linaitwa Rubani wa Ungo. Hilo ni zao langu! Januari 2020, siku yao ya kwanza, niliwauliza mmoja mmoja wanataka kuwa nani. Akasimama kasichana kutoka kijiji kimoja mbele ya Mpui, sketi imemzidi, Kifipa kimemjaa mdomoni. Justa. Akasema, "Nataka kuwa lubani." Nikamuuliza, "Rubani wa ndege au wa ungo?"

Darasa lilianguka chini. Tuko Sumbawanga, jamani. Nchi nzima inatutania kwamba tunasafiri kwa ungo, uchi, bila nauli. Mimi nimeandika magazetini makala kumi na moja kupinga uchawi na kuuawa kwa bibi zetu wenye macho mekundu ya moshi, na nasimama pale pale: kitu kikichekwa vya kutosha hakiogopwi tena. Kejeli ni dawa.

Justa anaitwa Rubani mpaka leo. Hata kwenye orodha ya zamu ya usafi wanaandika Rubani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Justa kaja ofisini. Wa kwanza Fizikia kwa mkoa kwenye mtihani wa majaribio, lakini akisimama mbele yako anaangalia viatu vyake kama vimemkosea.

"Shikamoo Madam."

Marahaba. Sema.

Anaomba igizo liondolewe. Nikamuuliza kwa nini. Nikamwambia dunia haitambembeleza. Chuo cha urubani, kama atafika, watamcheka lafudhi, watamcheka kijiji, watamcheka sketi. Ajifunze kucheka kabla ya wenzake.

Akasema, "Hapa wanacheka, Madam. Kule nyumbani hawacheki."

Nikamwambia hilo ndilo tatizo la kule nyumbani.

Akaniambia bibi yake atakuja Jumamosi. Bibi Monika, ndiye aliyemlea, hana mwingine. Hajawahi kufika shuleni. Nikasema vizuri, tutamkalisha mbele aone mjukuu wake alivyo maarufu.

Alitoka bila kuaga. Ningemwita nimkumbushe adabu, nikaacha. Nina insha thelathini za kusahihisha, na zote zinaanza na "Hapo zamani za kale".

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku! Nimechoka, sauti imenikauka, lakini siku!

Vumbi na upepo, maturubai yanapepea, wazazi zaidi ya mia nne. Wenye maduka na malori wa mjini viti vya mbele na manukato yao, wakulima nyuma na madebe ya mahindi ya kuchoma. Nilitimiza ahadi: Bibi Monika nilimkalisha safu ya kwanza. Kizee kidogo, kikavu, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani. Alimletea mjukuu wake unga wa ulezi.

Wosia ulisomwa, Kasimiri akapokea kitana jukwaani, akajichana kipara. Umati ukapiga kelele. Namheshimu kidogo zaidi kuliko jana.

Kisha igizo. Yunusu ndiye MC. Mtoto wa wenye mabasi, mdomo wa dalali, kapata sifuri Kemia na bado anatembea kama mkaguzi. Akaingia na ungo kiunoni, kofia ya karatasi, miwani ya jua. "Mabibi na mabwana, hapa ni rubani wenu Justa. Safari yetu ya Sumbawanga hadi Dar es Salaam itachukua dakika mbili. Abiria mnaombwa kuvua nguo zote na kuziacha kwa mhudumu!"

Watu walilia. Justa mwenyewe alikuwa mstari wa wahitimu, joho limemfika kwenye vifundo, uso kama ukuta.

Yunusu akanijia na kipaza sauti. "Madam, abiria wana wasiwasi. Huyu rubani leseni kapewa na nani?"

Nikakishika. "Leseni nimempa mimi!" Umati ukalipuka. Na ulimi wangu, nao ukaona umepewa uwanja: "Na mwalimu wake wa mazoezi yule pale, kitenge cha kijani! Bibi yake! Ana saa nyingi za kuruka kuliko shirika zima la ndege!"

Macho yote yakamgeukia. Bibi Monika Kiswahili chake ni cha sokoni. Aliona anatajwa, anaoneshwa kidole, watu wamefurahi. Akasimama. Akapunga mkono. Akapiga magoti kidogo kuwashukuru.

Hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo wote.

Nilicheka pia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 8 Oktoba

Video iko kila mahali. Kundi la wazazi, kundi la walimu, la kwaya ya parokia. Kuna mtu kaandika, Madam ni noma. Mwingine: huyu ndiye anayetufaa bungeni. Nimeitazama mara tano. Kicheko cha kwanza kinachosikika ni changu.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza, mapema mno. Radi zilipiga alasiri nzima upande wa Mpui. Umeme hakuna. Justa hajaja tangu Jumatatu. Nimemwandika mtoro.

Ijumaa, 13 Oktoba

Yunusu alinisubiri mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuwa na utani.

Basi lao moja hupita njia ya Mpui, kondakta ndiye kaleta habari. Radi ya Jumatano iliua maksai wawili wa jirani yake Bibi Monika. Maksai wa kulimia, na msimu ndio huu. Asubuhi yake watu walikusanyika kwa yule jirani. Mmoja akatoa simu. Wakatazama video. Wakatazama tena.

"Wanasema hata mwalimu wake kathibitisha, Madam. Wanasema ni mwalimu msomi, anaandika magazetini, hawezi kusema uongo mbele ya wazazi mia nne."

Wamewaita kamchape, wale wazungukao vijijini kusafisha wachawi kwa malipo. Watamnyoa bibi, watamchanja, atakiri. Asipokiri atafukuzwa kijijini. Mkutano wa kijiji ni Jumatatu asubuhi.

Nikamwambia, futa hiyo video.

"Nimeifuta, Madam. Ya kwangu."

Halafu akaongeza, macho chini, "Mimi nilikuuliza leseni tu. Ya bibi hatukuiandika kwenye igizo."

Nilitaka kumzaba kofi. Mtoto wa sifuri ya Kemia! Na alikuwa sahihi kabisa.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimeandika makala. Ya kumi na mbili. Kurasa sita, kali kuliko zote: ujinga, uoga, serikali inayolala, vijana wenye simu za laki tatu na akili ya mawe. Nimesoma kwa sauti jikoni, nikatikisika mwenyewe. Nikampelekea Mwalimu Kasimiri aisome.

Aliisoma yote, amesimama. Akauliza, wewe uko aya ya ngapi?

Sikuelewa.

"Humu kuna kila mwenye kosa. Wewe uko wapi?"

Nikamwambia hii si toba, ni hoja. Akasema kule hakuna anayepata gazeti, ila video wanayo wote. Akanirudishia karatasi zangu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani yenye chakula.

Nimepiga simu wilayani. Watatuma mtu kesho mchana. Mkutano ni saa tatu asubuhi.

Kasimiri ana pikipiki. Atanipeleka. Hajanilaumu tena, na ningependa anilaumu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Benchi la nje, ofisi ya kijiji. Naandika magotini. Wameniambia nisubiri niitwe, kama mgonjwa.

Nilikuja nimejiandaa kwa mawe. Hakuna jiwe! Wamenipokea kwa furaha. Vijana wawili shikamoo, mmoja akasema, "Huyu ndiye Madam wa leseni!" na wote wakaanza kucheka, wakaniletea togwa kwenye kikombe cha plastiki. Mwanamke mmoja kaniomba tupige picha.

Mwenyekiti, mzee Vitus, alikuja kunisalimia mwenyewe. Mpole. Nikaanza maneno yangu: kwamba ule ulikuwa utani, kwamba mimi ndiye ninayestahili kuulizwa, kwamba radi ni umeme wa mawinguni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hatuna ugomvi na wewe, Mwalimu. Wewe ni shahidi wetu."

Shahidi wao!

Nikamwambia nitaeleza mbele ya wote. Akasema maelezo ni marefu na watu wana mashamba. Katibu ataandika jibu moja tu. Wapo wanaosema video imetengenezwa na watoto wa mjini kwa mitambo, kwamba ile sauti si ya mwalimu. Kama si yangu, neno linaisha, hakuna ushahidi, kamchape warudi walikotoka. Kama ni yangu, basi. Ndiyo au hapana.

Kwa hiyo ili bibi apone ni lazima niseme uongo. Neno moja. Mimi niliyemfukuza mtu darasani kwa kunakili sentensi! Niliyegombana na wakuu wa shule watatu kwa sababu ya ukweli. Kama ni ndiyo, nimesema kweli na kizee kinanyolewa. Kama ni hapana, mia nne walioniona Jumamosi ile watajua mimi ni nani, na baadhi yao wako mle ndani.

Bibi Monika nimemwona dirishani. Wamemkalisha chini, miguu ameinyoosha. Kitenge kile kile cha kijani. Aliponiona alitabasamu. Nadhani anafikiri nimekuja kumtetea.

Justa katoka nje, kakaa mwisho wa benchi. Hakusema shikamoo. Sare ya shule, chini ya sweta kaficha kitambulisho chake cha mtihani, naona kamba shingoni. Nikamwambia mtihani umebaki wiki nne, arudi bwenini, haya tutayamaliza watu wazima.

"Akifukuzwa naondoka naye. Ataenda na nani?"

Nikamwambia nitasimama nitawaeleza. Nitawaeleza mpaka waelewe.

"Madam, usitoe hotuba." Sauti ndogo, ile ile ya siku ya kwanza, ila haikutetemeka. "Kila ukisema wanacheka. Wakimaliza kucheka wanaamini."

Nikauliza niseme nini basi. Mimi, namuuliza mwanafunzi niseme nini!

"Sema si yako."

Unaniomba nidanganye?

"Ulishadanganya," akasema. "Ulisema bibi anaruka."

Nimeliandika hapa kama alivyolisema, sikurekebisha hata kiambishi.

Kasimiri kasimama kando ya pikipiki, mikono mifukoni. Daftari lake hakulitoa.

Ndani wameweka simu mezani, wamepandisha sauti mpaka mwisho ili hata wa nyuma wasikie. Najisikia huku nje. Nacheka. Wanaanza kucheka pamoja nami.

Mwenyekiti ameita jina langu. Ameita tena.

Justa haniangalii.