Nafasi ya Kumi na Tano

Jumatatu, 12 Mei

Fomu ya vyuo vya udaktari imefunguliwa. Nafasi kumi na tano za shughuli. Nimejaza kumi na nne — maabara, kukaa na wagonjwa mahututi, kufundisha kemia, hata kuuza kahawa. Ya kumi na tano tupu. Inanitazama.

Ye-rin, ninayeishi naye chumba kimoja, naye anaomba. Nimemuuliza kama ya sekondari yanaandikwa. "Sekondari? Si uandike na siku uliyoanza kutambaa!" Tumecheka. Mimi nimecheka kwa kushusha pumzi. Kila mtu anaijua kanuni: ya sekondari yabaki sekondari. Asante kanuni!

Mchana mama kapiga. Umeshaiandika ngao? Ngao yangu ya tuzo iko juu ya friji yake: Mwokoaji Kijana wa Jimbo, Lorna Stachura. Nikamweleza kanuni. "Kanuni ya nani? Wangapi hao wameokoa mtu wakiwa na miaka kumi na saba?" Nikasema nina kipindi. Sikuwa na kipindi.

Alhamisi, 15 Mei

Dakta Halvorsen, mshauri wetu, kapitia orodha yangu. Kweli, ya sekondari huwa anayafuta — ila langu hapana! Habari za ngao anazo, zilikuwa kwenye insha iliyoniingiza chuo hiki. Insha niliyoandika mwenyewe, kwa mkono wangu. "Hili si pambo, Lorna. Ndiyo sababu uko hapa." Na kila shughuli inataka jina na namba ya mtu wa kuithibitisha.

Halafu, kwa tabasamu la mtu anayetoa zawadi: kuna barua ya kukupendekeza, imetoka kwa Kapteni Pruitt. Mkuu wa ambulensi ya kwetu. Mama ndiye aliyemwomba! Bahasha imefungwa. Nilishatia saini, kama wenzangu wote, kwamba sitasoma barua hizo. Imo kwenye droo ya Halvorsen. Itakwenda pamoja na fomu, niandike nisiandike.

Nimerudi bwenini kwa njia ndefu.

Ijumaa, 16 Mei

Haya sijawahi kuyaandika popote.

Februari, mwaka wangu wa mwisho sekondari. Jumamosi nilikuwa najitolea kwenye ambulensi. Tukaitwa kwa Mwalimu Osterhout, aliyenifundisha klarineti. Alikuwa chini jikoni, supu ya njegere inachemka na kufurika juu ya jiko. Kapteni akaanza kumkandamiza kifua. Akaniambia: mashine ya kushtua moyo, iko garini, kimbia! Nikakimbia. Nikaishika. Basi. Miguu ikagoma. Nilisimama kwenye theluji, mashine mkononi, namsikia Kapteni akiniita kwa jina. Mara ngapi, sijui. Bi Osterhout akatoka na soksi tu miguuni, akaninyang'anya, akarudi ndani mbio. Hakuniambia neno. Amefariki mwaka juzi, hajaniambia neno.

Mwalimu akapona. Ripoti ya Kapteni ikasema mashine ililetwa na Lorna. Ikaja ngao. Siku ya kuipokea Kapteni akaninong'oneza: chukua, binti, ukiikataa hutapanda gari hili tena. Nikachukua. Na sikupanda tena.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina miaka mitatu na bado inakwenda. Naogopa. Na kama nilisimama siku ile, nitasimama tena siku gani, na mgonjwa wa nani?

Jumamosi, 24 Mei

Niko nyumbani, wikiendi ya kuwakumbuka wanajeshi. Mwalimu kaja na pai ya cheri. Kifaa cha moyo alichopandikizwa baada ya siku ile kimetuna chini ya shati, huwezi kukosa kukiona. Mama keshampa habari zote za fomu, naye akadakia: "Andika namba yangu mimi! Wakipiga nitawawekea simu hapa kifuani: sikilizeni wenyewe kazi ya Lorna!" Mama kacheka mpaka machozi.

Mimi nilikuwa nakata pai. Vipande vikaenda kombo. Mwalimu akanishika mkono. "Mbona baridi hivi, daktari?"

Nilikuwa na maneno mdomoni. Tayari kabisa. Nikayameza pamoja na cheri.

Jumapili, 25 Mei

Nimemfuata Kapteni kituoni. Alikuwa anaosha gari lilelile. Nikamuuliza kaandika nini.

"Si ulitia saini hutaisoma?"

"Kapteni, tafadhali."

Akasugua tairi, akasugua. "Nimemwandika Lorna ninayemjua."

Lorna yupi? Wa ripoti au wa theluji? Nilitaka kumtikisa! Kisha akasema, bila kuniangalia: "Watu hukwama, binti. Hata mimi niliwahi. Jumamosi iliyofuata nilikuwekea koti lako kwenye kiti. Hukuja." Akafungua bomba.

Nimelia njia nzima.

Jumanne, 27 Mei

Wiki hii wanaanza kupokea fomu. Nimeijaza nafasi ya kumi na tano. *Nilitumwa kuleta mashine ya kushtua moyo. Niliishika, nikashindwa kutembea. Mke wa mgonjwa ndiye aliyeifikisha. Ngao nilipewa mimi.*

Ye-rin kasoma begani kwangu. "Una wazimu? Iache tupu! Tupu haiulizwi!"

Ni kweli. Tupu haiulizwi. Lakini ile bahasha itakwenda tu. Na hata isingekuwepo — mimi nipo.

Jina la wa kuthibitisha: Osterhout. Nimeandika na namba. Basi siwezi kumwacha ayasikie kwanza kutoka kwa mgeni wa chuo fulani. Na moyo wake je? Nikimwambia, ukagoma? Nani atamletea mashine leo? Mkewe hayupo.

Nimepiga. Kapokea mlio wa pili. "Lorna! Wameshapiga?"

Bado, Mwalimu. Nina jambo. Uko wapi?

Jikoni. Sauti ya furaha kabisa.

Nikamwomba akae kwanza. Kasema ngoja azime jiko, supu itafurika.

Nasubiri. Naandika, simu nimeibana begani. Ye-rin katoka, kafunga mlango taratibu. Nasikia viatu vya Mwalimu. Mfuniko. Kiti kinaburutwa.

"Haya, binti. Nimekaa."