Gitaa Lenye Sufuria Tumboni

Nyakisasa, Ngara
12 Machi 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama naye umpe shikamoo yake. Natumaini mihogo ya huko Nyamigogo imestawi na mguu wa Mama umepoa. Mimi ni mzima, nafundisha vizuri. Ila tangu wakimbizi waje, kanisa letu hujaa hadi uani, na kwaya ikiimba gitaa langu halisikiki hata benchi la pili.

Sasa limeharibika kabisa. Gitaa ulilonipa ulipoacha kusikia limeingia maji. Ubao wa mbele umezama chini ya nyuzi na kupasuka. Nimempelekea Faustini, mkimbizi wa Burundi anayeziba sufuria gulioni. Amesema, "Ubao huu hauponi. Lakini Bujumbura niliwahi kuletewa gitaa lenye bakuli la bati tumboni. Bati ndilo linaloimba. Likipigwa, mtu wa ng'ambo ya mto anasikia." Anataka kukata tundu pana kama sahani na kujaribu. Gitaa jipya siliwezi. Unasemaje?

Binti yako,
Deodata

Nyamigogo, Biharamulo
9 Aprili 1995

Mwanangu Deodata,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu umepoa, sasa mama yako analalamikia goti.

Gitaa hilo niliachiwa na padri aliyekuwa anarudi kwao, nikalipigia harusi za kata nzima. Kwa hiyo kwanza nilikuandikia barua kwamba msiliguse. Kabla ya kuituma nikampa mama yako aisome. Unajua siku hizi akitaka kuniambia jambo huandika kwa chaki kwenye mlango wa jiko, maana hata apaze sauti vipi naona midomo tu. Akaandika: "Unamkatalia kwa sababu wewe husikii. Wenzako wanasikia."

Nilishinda na maneno hayo kutwa. Jioni nikaichana barua ile.

Kateni. Likiharibika, usiniambie.

Baba yako,
Privatus

Nyakisasa, Ngara
20 Agosti 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti la Mama linaendeleaje? Nimekaa kimya kwa sababu ulisema likiharibika nisikuambie, nalo liliharibika mara mbili. Bakuli la kwanza Faustini alilikata kwenye kopo la mafuta ya msaada. Likawa linavuma kama nyigu aliyefungiwa. La pili lilikuwa laini mno, nyuzi zikalibonyeza.

Ndipo akaniomba sufuria yangu kuukuu kuliko zote, iliyolika chini. Alichonga kalibu ya mti yenye umbo la bakuli, akailaza sufuria juu yake, akaigonga taratibu siku baada ya siku mpaka ikawa nyembamba, ukiipulizia inatetemeka. Akaifudikiza juu ya pete ya ubao ndani ya tundu, na kileleni akaweka kifungo cha mvule ambacho nyuzi hupita juu yake. Nyuzi ni waya za breki ya baiskeli, tulizisokotoa moja moja. Juu ya yote kuna mfuniko tuliotoboa kwa msumari.

Akagusa uzi mmoja tu. Baba, kuku walitawanyika. Gulio zima liligeukia upande wetu. Mama mmoja wa Kirundi alitua ndoo yake, akasema, "Hii ni inanga," yaani kinanda cha wazee wao, "lakini ni inanga ya jitu." Faustini mwenyewe aliweka kiganja juu ya nyuzi akazinyamazisha, kisha akatazama mikono yake. "Kumbe," akasema.

Nimempa mwalimu Nshoma alilete, anakuja huko likizo. Kaa nalo kidogo. Pengine hutasikia kitu, lakini nataka ulishike.

Binti yako,
Deodata

Nyamigogo, Biharamulo
1 Oktoba 1995

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia. Gitaa limefika.

Nililipakata nikapiga. Nikasikia kitu kwa mbali, kama mtu anagonga kwa jirani. Nikaegemeza taya ubavuni mwake, kama nilivyozoea zamani nikikaza nyuzi, nikapiga tena. Deodata, lilinijaa kichwani. Nyuzi zote sita, kila mmoja na sauti yake. Nililia na sikujificha.

Mama yako akaja kuinamia ule mfuniko aone umetengenezwaje. Taya langu lilikuwa bado pale pale. Nikasikia: "Humu mmeingia vumbi."

Nikamwambia, "Sema tena."

Akadhani nimekasirika. Akarudi nyuma, akaanza kutafuta chaki. Nikamshika mkono, nikamvuta karibu na yale matundu. "Agness, sema tena."

Akasema jina langu.

Sauti yake imezeeka. Miaka yote hii, kichwani mwangu alikuwa bado anaongea kama zamani. Sasa kila alasiri analeta kigoda, anaweka mdomo kwenye matundu, ananipa habari: nani kazikwa, nani kaoa, ng'ombe wa Theodosia kala shamba la nani. Nyingi nilishazisoma mlangoni, lakini simwambii.

Kwaya iimbe kwa midomo tu kwanza, gitaa libaki huku. Desemba uje, na fundi wako akipewa ruhusa ya kutoka kambini uje naye. Ukifika uniambie neno humo ndani, lolote, hata la upuuzi. Mara ya mwisho kukusikia ulikuwa msichana wa shule.

Baba yako,
Privatus