Bedan Gathecha, Aliyechora Alichokiona

Mwaka umetimia, Baba Gathoni, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Juni 1958, kwenye chumba cha ndugu yako hapa Gitothua, Ruiru. Ulikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Watu wengi walikujua kwa vibao vya maduka. Kuanzia Thika mpaka Ruiru, bucha, fundi cherehani na muuza baiskeli wote waliandikiwa na mkono wako. Lakini sisi nyumbani tulijua kwamba kazi ya vibao ilikuwa ya kutulisha tu. Moyo wako ulikuwa kwenye picha za nchi: mto Chania, maporomoko, na kilima chetu ng'ambo ya mto, tulikoishi.

Ulikuwa na taratibu zako. Ulisimama mahali pamoja, saa moja asubuhi, na kivuli kikisogea ulifunga brashi ukaondoka, hata kama ulikuwa umepaka upana wa kidole kimoja tu. Kesho yake ulirudi saa ileile. Kijani cha mkebe hukukitaka. Ulichanganya chako, ukanionyesha jani na kuniuliza, "Mama Gathoni, vinafanana?" Nilisema vinafanana ili ule chakula kabla hakijapoa.

Rafiki yako Mbaluka, aliyetoka mashariki ya Thika, alichora kinyume chako. Aliangalia mara moja, akaenda kwake, akafunga mlango, akachora kutoka kichwani. Mbingu zake zilikuwa nyekundu hata wakati wa mvua. Mlibishana mpaka chai ikaisha.

"Wewe unachora ulichosahau," ulimwambia.

"Na wewe unahesabu majani ya watu," akakujibu, na nyote mkacheka.

Halafu serikali ikatangaza hali ya hatari. Mwaka wa 1954 tulitolewa kilimani, nyumba zikachomwa tukiangalia, tukapelekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na kulindwa na mahomugadi, askari wenyeji wa serikali. Uliendelea kuandika vibao kila ulipopata ruhusa ya kutoka.

Mwaka uliofuata, Mzungu mmoja mgeni, aliyekuwa amefikia hoteli ya maporomoko, alikuomba picha ya kilima. Alikuwa ameona ya zamani, yenye nyumba zetu na moshi wa jikoni. Ulichora kwa asubuhi tisa. Nilikuwa nawe siku ulipompelekea. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Nyumba wapi?" akauliza.

"Zilichomwa, bwana. Hazipo."

"Weka nyumba. Mimi napeleka hii kwetu."

"Siwezi kuweka, bwana. Hapo sasa ni majivu. Na hili ni handaki, na hiki ni kituo cha mahomugadi. Ndivyo palivyo."

Nilikuvuta kando. Nilikusihi, Baba Gathoni. Nilikwambia nyumba nne tu, rangi kidogo tu, nani atadhurika? Ulinijibu polepole, kama mtu anayeomba msamaha: "Nikizichora, nitakuwa nimesema bado tumo ndani." Mgeni akaondoka na picha bila kutuaga.

Siku ya nne askari walikuja kukuchukua. Picha ilikuwa mezani kwa afisa. Walisema ni ramani: handaki, kituo, daraja, vyote mahali pake. Walitaka jina la mpiganaji wa msituni uliyemchorea. Hukuwa na jina la kuwapa.

Mbaluka alikwenda kwa afisa bila kuitwa. Yeye ni Mkamba, si wa kabila letu lililosakwa, hakuna aliyekuwa akimtafuta, angeweza kukaa kwake. Alimwambia afisa, "Mimi pia ni mchoraji. Hiyo ni picha, si ramani." Walimpiga kofi, wakamfukuza. Kesho yake akarudi, akasema vilevile, wakamlaza ndani. Hilo hatutalisahau.

Ulikaa kizuizini miaka miwili na miezi kadhaa. Uliporudi, Desemba 1957, hapa kwa ndugu yako tulikohamia, sikukutambua mpaka uliposema. Vumbi la mawe uliyopasua kule lilikuwa limeharibu kifua chako, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Gathoni alikupa brashi, ikaanguka. Uliiokota mwenyewe, ukairudisha kwenye kopo.

Mwezi wa Mei Mbaluka alikuja na turubai ya kuchorea. Alisema, "Ndugu yangu, wewe angalia, mimi nitapaka." Kila asubuhi ulipanda treni, naye akakuchukua kwa baiskeli kutoka stesheni ya Thika mpaka mtoni. Maisha yake yote hakuwahi kuchora nje. Ulikaa ukikohoa nyuma yake, ukimrekebisha. "Hapana, mbingu si nyekundu leo. Basi, kivuli kimesogea. Funga." Naye alifunga. Asubuhi nyingine ukungu haukuondoka, mkarudi na turubai vilevile. Mlifika asubuhi ya sita. Ya saba hukuweza kuinuka.

Baada ya mazishi Mbaluka aliniuliza kama aimalizie kutoka kichwani. Nilimwambia asiiguse. Upande wa kushoto una kilima, upande wa kulia ni kitambaa kitupu.

Ukiwa kizuizini shamba letu la kilimani lilipimwa na serikali, likaandikwa jina la mtu mwingine. Mwezi uliopita nilikwenda kulitazama. Pamelimwa, mahindi yamefika kiunoni. Nilitembea kwenye mistari nikitafuta mlango wetu ulipokuwa. Sikupaona. Mwenye shamba alitoka akaniuliza, kwa upole, nimepotea? Nikamwambia ndiyo.

Unakumbukwa na mkeo Magdalene Wamboi, watoto wako Gathoni na Zacharia, ndugu yako Kimotho na wote wa Gitothua, pamoja na Mbaluka na mkewe Syombua.

Siku zote tutakukumbuka, Baba Gathoni.