Mwaka Mpya wa Sunil pale Burungu

Shemeji Sunil,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi, ninakutangazia ya kwamba kuku wako mwekundu ameacha kutaga ndani ya kofia yako ya kazi. Sasa anataga kwenye kiti changu. Familia imekaa kikao juu ya jambo hilo. Kuku ameshinda.

Habari ingine njo hii: mwezi wa nne umefika, na Mwaka Mpya wenu umefika nao. Wa kwanza bila wewe.

Bado ninacheka nikikumbuka ule uliotuonyesha mwanzoni. Ulikuwa umetoka Sri Lanka kuja kutengeneza mashine ya umeme kwenye mto wetu. Mashine ikapona, wewe ukabaki na dada yangu Espérance. Baba Msinhala, mama Mtamil, sasa mke Muhunde: nilikuambia wewe si mutu, wewe iko mkutano. Ukatueleza kwamba mwaka unapogeuka kuna saa ambazo hakuna kulima wala kupika, ni kusali na kupumzika tu. Dini inayokataza jembe! Kidogo nihame parokia.

Kisha ukaweka chungu kipya cha maziwa juu ya mbabula, ukapuliza makaa, ukingoja yachemke mpaka yamwagike. Eti ndiyo baraka, ndiyo mlango wa mwaka. Mama yetu alikurukia kama chui. Maziwa kumwagika motoni, hapa Masisi? Chuchu za ng'ombe zitapasuka! "We mukwe," alikuambia, "kwenu munakamua mawe?" Ulipiga magoti ukiomba msamaha na kucheka. Kisha fundi ukakata bati, ukalizungusha shingoni mwa chungu kama kola ya padri, ili maziwa yatelemkie pembeni bila kugusa moto. Mama akalikagua, akaguna, akakubali. Toka hapo kila mwaka wako uliingia kwetu kwa kupita juu ya bati.

Halafu ukaenda Walikale kutengeneza mashine ingine. Ukarudi na homa, na homa...

Basi.

Mwaka huu binti yako Neema aliniuliza, "Mujomba, mwaka wa papa yangu utaingia namna gani?" Nikapanda kilima kutafuta rezo ya simu, na tumbo langu hili unalijua, nikampigia dada yako huko kwenu. Alisema nyumba yenye msiba haifanyi sherehe, lakini kwa ajili ya mtoto tuchemshe maziwa tu. Akanipa saa ya kuwasha moto. Jioni nikapanda tena kumwambia kwamba yamemwagika vizuri sana, upande wa mashariki, ule wa bahati. Akalia kwa furaha.

Wewe nikuambie ukweli.

Maziwa yalipanda, hiyo ni kweli. Neema alikuwa amechuchumaa, mikono mashavuni. Bati alilifunga mama mwenyewe, maana hakutaka mutu mwingine aliguse, akasema kwa sauti ndogo, "Mukwe, kuja uone." Povu likafika mdomoni mwa chungu. Hapo dada yangu akakishika kwa mikono mitupu, akakishusha chini.

"Hapana," akasema. "Ikimwagika, mwaka umeingia. Miye sitaki uingie bila yeye."

Hakuna aliyemgombeza. Mama alichukua vidole vyake vilivyoungua, akavitia kwenye maji baridi, akavishikilia humo kama vya mtoto mchanga. Neema alikitazama chungu muda mrefu. Kisha akachota kikombe, akampelekea mama yake mdomoni, kwa sababu mikono yake ilikuwa ndani ya maji. Espérance alikunywa, akalia, akanywa tena. Tukapokezana kikombe mpaka maziwa yakaisha. Chini hakikuanguka hata kitone.

Kwa hiyo, shemeji, sijui tuko mwaka gani hapa nyumbani.

Lala salama kwenye udongo wetu. Ninakuahidi mbabula itawashwa tena mwezi wa nne ujao, na ule utakaofuata, na chungu kitawekwa. Dada yangu akikishusha, tutakunywa. Siku atakayokiacha mahali pake, nitapanda kilima kumwambia dada yako, na siku hiyo sitakuwa ninamudanganya.